Jicho kwa Ndege, Si kwa Mtutu

Shotigani ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu imebebeshwa lawama mbili zisizopatana. Ya kwanza husema haihitaji shabaha: unamwaga marisau, na katika wingi ule hayakosi ya kumpata ndege. Ya pili husema haina shabaha: upana wa mitutu unaliziba jicho, mtutu mmoja unavuta kulia na mwingine kushoto, na ndiyo maana viwanja vya mashindano leo vimejaa bunduki zenye mtutu juu ya mtutu. Anayeiamini ya kwanza haoni sababu ya kujifunza. Anayeiamini ya pili anaisingizia bunduki kosa lililo begani na shavuni mwake. Lawama zote mbili zina mzizi mmoja, nao ni kuipima shotigani kwa kipimo cha bunduki ya risasi moja, ile inayolengwa kwa kupanga chuma na chuma hadi vikutane na shabaha. Mitutu sambamba hupiga sawasawa kwa njia nyingine: kitako kilichomkaa mpigaji hufanya kazi ya shabaha ya nyuma, na jicho hubaki kwa ndege tangu anaporuka hadi anapoanguka.

Tuanze na marisau yenyewe, maana hapo ndipo lawama ya kwanza inapoanguka. Katriji ya kaliba 12 yenye gramu 28 za marisau ya Namba 6, kwa kipimo cha Uingereza, ina chembe 270 hivi. Mafundi wa huko hupima mtawanyiko kwa duara la inchi 30, yaani sentimita 76, kwa umbali wa yadi 40, ambazo ni mita 36 na nusu. Mtutu usiobanwa mdomoni huingiza asilimia 40 ya chembe ndani ya duara hilo. Uliobanwa nusu huingiza asilimia 60, na uliobanwa kamili asilimia 70. Kwa mtutu usiobanwa, basi, chembe zinazofika ni 108, na duara lina eneo la zaidi ya sentimita za mraba 4,500. Kila chembe imeachiwa uwanja wa sentimita za mraba 42 peke yake, kama mraba wenye upande wa sentimita sita na nusu. Kiwiliwili cha njiwa, ukiondoa mabawa na manyoya, kinaenea miraba miwili au mitatu ya namna hiyo, na huo ni wastani tu, kwa sababu chembe hujaa katikati na kuadimika pembeni. Ndege aliyeguswa na ukingo wa duara hupata chembe moja ya tumbo au ya mguu, akaruka mbali na macho ya mwindaji na kwenda kufa taratibu kichakani. Kwa karibu hali ni ngumu kwa namna nyingine: kwenye mita 15, mtutu uliobanwa nusu unafungua duara lisilozidi nusu mita. Aliyekosa hapo amekosa kweli, na aliyepata katikati amepata nyama isiyofaa chungu. Wingi wa marisau haumsamehe asiye na shabaha. Unampa nafasi ndogo tu ya kukosea, na nafasi hiyo inaisha haraka kuliko watu wanavyodhani.

Sasa shabaha hiyo inapatikanaje? Bunduki ya risasi ina shabaha mbili za chuma, moja nyuma na moja mbele, na kazi ya jicho ni kuzipatanisha. Shotigani sambamba ina shanga ndogo mdomoni, basi. Shabaha yake ya nyuma ni jicho la mpigaji, na jicho halikuchomelewa kwenye chuma. Linakaa pale shavu linapokaa. Toka jichoni hadi mdomo wa mtutu ni kama mita 1. Shavu lisiposhuka sawasawa na jicho likapanda milimita 3, marisau yatapanda zaidi ya sentimita 10 kwenye mita 36. Jicho likikaa kando kwa sentimita 1, kosa litakuwa sentimita 36, yaani karibu nusu nzima ya lile duara tulilolipima. Hakuna macho makali wala mkono thabiti utakaoirudisha sentimita hiyo. Ndiyo maana fundi wa bunduki wa Kiingereza, kabla ya kuzungumzia mapambo, humpima mteja kama fundi cherehani: urefu kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako, mteremko wa mgongo wa kitako chini ya mstari wa mitutu, na kiasi ambacho kitako kimepindishwa kando ili jicho liangukie katikati. Kwa mtu wa kimo cha kawaida urefu huo huwa kama sentimita 37 au 38, lakini wastani wa watu wote ni kipimo cha mtu asiyekuwepo.

Mtazame mpigaji aliyefundishwa, kwa karibu, wakati kwale anapofumuka nyasini. Kitako hakiendi begani kwanza. Mkono wa kushoto umenyooka mbele, umeshika mitutu yenyewe, kwa kuwa kishikio cha mti katika bunduki hizi ni kifupi na chembamba, na kidole cha shahada kimelala sambamba na chuma. Mkono huo ndio unaomwendea ndege, na midomo ya mitutu inamfuata tangu hatua ya kwanza. Mkono wa kulia unapandisha nyuma tu, kitako kinakutana na shavu, na bega linasogea kidogo mbele kukipokea. Kichwa hakikuinama kuitafuta bunduki. Bunduki imekuja usoni. Kufikia hapo kila kitu kimekwisha, na kidole kinavuta. Huko ndiko kulenga kwa shotigani, na kwa kweli kunakaribia zaidi kusonta kidole kuliko kulenga. Anayemwonyesha mtoto mwezi hafungi jicho, wala hatazami kucha yake kuhakikisha imenyooka. Anautazama mwezi, na kidole kinakwenda chenyewe.

Hapo anajibiwa pia yule anayelalamikia upana wa mitutu. Ni kweli kwamba anayeitazama bunduki yake huona bamba pana la chuma badala ya mstari mmoja mwembamba, na bamba hilo linamkaribisha achague ukingo wa kufuata. Lakini jicho la binadamu haliwezi kuona kwa ukali kitu kilicho mita 1 na kingine kilicho mita 30 kwa wakati mmoja. Likikaza kwa ndege, mitutu inageuka kivuli chini ya macho, na kivuli kipana kina faida yake: kikilala mlalo kama maji ndani ya sahani, mpigaji anahisi mara moja bunduki inapoinama upande mmoja, kosa linalowapata wengi wanaposhusha bega wakizungukia kulia au kushoto. Tatizo la kweli liko mahali pengine, kwenye jicho tawala. Watu wengi wana jicho moja linaloongoza, na si lazima liwe upande wa bega la bunduki. Mtu anayepiga kwa bega la kulia huku jicho la kushoto likitawala atapanga mdomo wa mtutu na ndege kwa jicho lisilo juu ya mitutu. Macho yameachana kwa sentimita 6 hivi. Kwenye mita 35 kosa linafika mita 2 kushoto, naye ataapa kwamba alikuwa sawasawa. Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji bunduki: fungua macho yote mawili, sonta kidole kwenye kitu cha mbali, kisha fumba jicho la kushoto. Kidole kikibaki palepale, jicho la kulia ndilo linalotawala. Kikiruka kando, ni la kushoto. Dawa ni kufumba jicho hilo wakati wa kupiga, au kubandika kipande kidogo cha utepe kwenye miwani upande huo, au kuhamia bega la pili ukiwa bado mwanafunzi. Anayelaumu mitutu sambamba bila kufanya kipimo hicho anatoa hukumu kabla ya ushahidi.

Hoja kwamba mtutu mmoja unavuta kulia na mwingine kushoto ina ukweli ndani yake, ila mafundi waliushughulikia ukweli huo zamani. Kila mtutu uko kando ya mstari wa katikati wa bunduki, kwa hiyo msukumo wa nyuma wa mtutu wa kulia huigeuza bunduki kulia, na wa ule wa kushoto huigeuza kushoto. Kwa sababu hiyo matundu hayakuunganishwa sambamba kabisa, ingawa jina linasema hivyo. Yanakaribiana kidogo kuelekea mdomoni, ili msukumo uliotarajiwa uyarudishe mahali pamoja. Kazi hiyo haimaliziki kwenye meza ya fundi. Humalizikia kwenye bamba la chuma la majaribio, kwa kupiga, kusahihisha na kupiga tena. Kuna jambo la pili lisilosemwa sana. Mitutu iliyolala ubavu ni mipana lakini kimo chake ni kifupi, kwa hiyo hunyumbulika kuelekea chini wakati baruti inapolipuka, na marisau hutoka yakiwa yameshuka kidogo. Joseph Manton, fundi wa London, alipata hataza ya utepe ulioinuliwa kati ya mitutu mwaka 1806, wakati bunduki zilikuwa bado zinashindiliwa kwa mdomo, na lengo lake lilikuwa kuinua marisau yaliyokuwa yakipita chini ya ndege. Waliokuja baadaye waliendelea na utepe, wakaongeza kitako chenye mgongo wa juu kidogo. Bunduki sambamba iliyotengenezwa vizuri inaonekana kama inatazama juu, na mtu aliyezoea bunduki ya risasi akiichukua dukani husema imekosewa. Haikukosewa. Imetangulia kujua itakavyojikunja.

Ndege anayekata mbele ya mpigaji ndiye anayeleta mabishano makubwa zaidi. Njiwa wa kilomita 64 kwa saa husafiri karibu mita 18 kila sekunde. Marisau ya Namba 6 huchukua kama sehemu ya saba ya sekunde kufika mita 36. Ukimpigia alipo, marisau yatafika njiwa akiwa mbele kwa mita 2 na nusu. Hesabu haina mjadala, na kutokana nayo wengine hufundisha kupima: mbele kwa mita hizi kwa umbali huu, mita zile kwa ule. Robert Churchill, mtengenezaji bunduki wa London aliyefariki 1958, alipinga mafundisho hayo maisha yake yote. Alimtaka mwanafunzi amtazame ndege, aruhusu mwili uzunguke naye, avute bila kupima chochote, na alitengeneza bunduki zenye mitutu ya inchi 25 tu ili zimfuate ndege kwa wepesi. Waliomsikia walisema anakana sayansi. Percy Stanbury, mwalimu wa shule ya kupiga shabaha ya West London na bingwa wa visahani vya udongo, alifuata mtindo tofauti karibu kwa kila kitu: mitutu ya inchi 30, uzito wa mwili daima juu ya mguu wa mbele, ilhali Churchill aliuhamisha toka mguu hadi mguu.

Nani alikuwa na haki? Jibu linaonekana ukishusha hesabu kutoka kwa njiwa hadi kwenye mdomo wa mtutu. Mita 2 na nusu kule ni sentimita 7 hapa. Mpigaji anayeanza nyuma ya ndege, akamfikia na kumpita, ana mtutu unaokwenda kwa kasi kuliko ndege wakati akili inaposema "sasa". Kidole hakitii papo hapo. Kati ya amri na marisau kutoka kuna muda, na katika muda huo mtutu unaendelea kutangulia. Sentimita 7 hizo, au sehemu yake kubwa, zinajijaza zenyewe bila macho kuziona. Churchill hakukana hesabu. Alikuwa akiilipa kwa mwendo badala ya kuilipa kwa kipimo. Stanbury naye aliilipa kwa mwendo wa namna nyingine. Walipokutana ni pale pale: shavu halikuachana na kitako, jicho halikurudi kwenye chuma, na mikono haikusimama. Kusimamisha mikono ndilo kosa linalowaangusha wengi. Mpigaji anavuta kifyatulio na kuganda ili aone kama amepata, mtutu unasimama, marisau yanapita nyuma ya mkia. Na chanzo cha kuganda karibu kila mara ni macho yaliyorudi kuhakikisha shanga iko mahali pake. Walimu wawili waliopingana kwa mkao wa miguu na kwa inchi za mitutu, lakini wakapata ndege kwa jicho lilelile, ni ushahidi mzito kuliko maelezo ya yeyote kati yao.

Vifyatulio viwili pia vina maana yake kwenye shabaha, ingawa wengi huviona kama mabaki ya zamani. Kwa kawaida cha mbele hufyatua mtutu wa kulia, usiobanwa sana. Cha nyuma hufyatua wa kushoto, uliobanwa zaidi. Mwindaji anayetembea akiwafumua kanga anapiga wa kwanza kwa karibu na wa pili kwa mbali, kwa hiyo mpangilio unamfaa. Ndege akija kumwelekea, anaanza na cha nyuma akiwa bado mbali. Uchaguzi huo unafanyika kwa kusogeza kidole, bila kitufe na bila kufikiri, na kitako kilichonyooka bila mshiko wa bastola kimewekwa hivyo ili mkono uteleze kwa urahisi kutoka kifyatulio hadi kifyatulio.

Pingamizi lililobaki ndilo zito. Kama mitutu sambamba haina kasoro, kwa nini wanaoshindania medali za Olimpiki wanatumia mtutu juu ya mtutu? Haitoshi kujibu kwamba ni mitindo. Bunduki hizo zina sababu ya kushinda kule: nyingi huzidi kilo tatu na nusu, wakati sambamba ya kuwindia hukaribia kilo 3, na uzito wao hutuliza mwendo na kupunguza msukumo wa nyuma kwa mtu anayepiga katriji nyingi kwa siku. Mitutu yake iliyopandana hainyumbuliki sana kwenda chini, na kishikio chake kinene kinaiokoa mikono na chuma cha moto. Hayo nayakubali bila shaka yoyote. Lakini angalia kwamba hakuna hata moja kati ya sababu hizo inayohusu lile bamba pana linalolaumiwa. Stanbury alishinda mashindano ya visahani akiwa na mitutu sambamba ya kampuni ya Webley & Scott. Anayetembea kilomita nyingi porini kwa ajili ya risasi chache ana hesabu tofauti na ya mshindani wa uwanjani: wepesi unaomchelewesha yule kutulia ndio unaomwahisha huyu ndege anapofumuka.

Wepesi huo, hata hivyo, una sharti ambalo halivunjwi bure. Mafundi wa Birmingham walikuwa na kanuni kwamba bunduki iwe na uzito mara 96 wa marisau inayoyabeba. Kwa gramu 28 hiyo ni kilo 2.7, kwa gramu 36 ni karibu kilo tatu na nusu. Mtu anayetia katriji nzito kwenye bunduki ya kilo 2.9 akidhani anajiongezea nguvu analijaza bega lake hofu, na hofu hufumba macho na kuinua shavu kabla kifyatulio hakijavutwa. Zaidi ya hayo, bunduki nyingi za zamani za Uingereza zilichongwa kwa katriji ya milimita 65, na kuzitilia ya milimita 70 huongeza shinikizo ndani ya mtutu. Hilo si suala la shabaha tena. Ni suala la vidole na macho ya anayepiga.

Wapo watakaosema kwamba kupimwa na fundi ni mambo ya matajiri wa London, na kwamba mwenye bunduki ya urithi hana njia. Njia ipo, na ni ya bei ndogo. Kitako kifupi huongezwa kwa mpira wa nyuma. Mgongo ulio chini huinuliwa kwa ngozi iliyofungwa kwa kamba. Mti wa kitako hupindishwa kwa mafuta ya kitani ya moto na fundi anayejua kazi yake. Kinachokosekana mara nyingi ni kujua kasoro iko wapi, na hilo hujulikana kwa kupiga karatasi. Kwenye mita 16, kila milimita 1 ya kosa la jicho huonekana kama sentimita 1.6 kwenye karatasi. Chembe za mitutu yote miwili zikienda upande mmoja, kosa ni la kitako au la jicho. Zikiachana, moja kulia na moja kushoto, kosa ni la bunduki yenyewe, na fundi ndiye wa kuitazama.

Kenya ilifunga uwindaji wa wanyama wa porini mwaka 1977. Tanzania inaendelea nao kwa leseni chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kanga na kwale ni miongoni mwa ndege wanaotafutwa kwa shotigani. Kwako mwenye leseni, kabla ya kuingia porini msimu ujao: nenda kwenye uwanja unaoruhusiwa, wenye kinga ya udongo nyuma. Tundika karatasi yenye upana wa mita 1, weka doa jeusi katikati, simama mita 16. Inua bunduki huku ukilitazama doa tu, na vuta mara inapogusa shavu, katriji tano kwa mtutu wa kulia na tano kwa wa kushoto, kila mtutu kwa karatasi yake. Halafu pima kwa rula toka kwenye doa hadi katikati ya chembe, na umpelekee fundi namba hizo.